Ulaini wa Mlango Hautoki Koponi

Mlango wa ndani ni kitu kinachoguswa kila siku na kutazamwa mara chache. Lakini siku unapopakwa rangi upya, kasoro zake huonekana na kila mtu: michirizi iliyotiririka ikakauka kama machozi, vipele vya vumbi, mifereji ya brashi, na mahali pengine rangi iliyojikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo hutolewa hukumu mbili za haraka. Ya kwanza ni kwamba rangi ilikuwa mbaya. Ya pili ni kwamba fundi hajui kazi. Mara nyingi hukumu zote mbili huwa si za haki. Kosa kubwa zaidi ni imani iliyoenea, hasa miongoni mwa wale wanaolipia kazi, kwamba ulaini wa mlango hununuliwa dukani ukiwa ndani ya kopo. Kwa kweli rangi ya mwisho haifanyi mlango kuwa laini. Huonyesha tu kazi iliyokwisha kufanywa chini yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba kupaka rangi mlango wa mbao ni somo kamili la sayansi, na kwamba shule inayolitenga somo hilo na maabara yake hupata hasara mara mbili. Hupoteza fedha kwa rangi inayobanduka kabla ya wakati wake, na hupoteza nafasi ya kuwaonyesha vijana kwamba fizikia na kemia wanazosoma vitabuni zimo katika kazi za mikono yao.

Mwanga ndio hakimu

Yafaa kuanza na swali rahisi: ulaini ni nini? Jicho halipimi mlango kwa kuugusa. Huupima kwa mwanga unaoakisiwa nao. Kila mwanafunzi aliyesoma sura ya vioo anajua kwamba kioo kikigeuzwa kwa digrii 1, mwali unaoakisiwa hugeuka kwa digrii 2. Rangi ya kung'aa hufanya kazi kama kioo kisicho kamili. Kila kibonde na kila kinundu, hata kilicho kidogo kiasi cha kutosikika kwa kidole, hugeuza mwali wa mwanga na kuongeza kosa lake maradufu mbele ya jicho. Rangi isiyong'aa huutawanya mwanga kila upande, na kwa hiyo huficha mengi.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ya kwanza ya kazi: kadiri rangi inavyong'aa, ndivyo maandalizi yanavyopaswa kuwa makali. Mtu anayetaka kuuficha mlango mbovu kwa rangi ya kung'aa hufanya kinyume cha kusudi lake. Hupatikana pia njia nyepesi ya kukagua kazi: taa ishikwe ubavuni mwa mlango, ili mwanga uupitie uso wake kwa kuukwaruza. Kila tundu na kila mkwaruzo utatupa kivuli chake. Ukaguzi huo ufanyike kabla ya kopo kufunguliwa, si baada ya rangi kukauka.

Mbao haikufa ilipokatwa

Watu husema kwamba mti ukishapasuliwa mbao umekufa. Kwa mpaka rangi, msemo huo ni hatari. Mbao ni mafungu ya mirija myembamba ambayo huendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na hali ya hewa. Unyevu wake unapokuwa chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kila badiliko la unyevu hubadili pia ukubwa wa mbao. Urefu wake hubadilika kidogo sana. Upana wake hubadilika zaidi. Na kwa kawaida mbao hunywea kwa kufuata mduara wa pete za mti karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka moyoni kwenda kwenye gome.

Mlango wa paneli uliotengenezwa katika hewa nzito ya Tanga na kutundikwa katika hewa kavu ya Dodoma utanywea. Seremala mwema analijua hilo, na ndiyo maana haigundishi paneli ndani ya mfereji wake, bali huiacha icheze. Mpaka rangi asiyeelewa sababu hiyo huuziba mfereji kwa puti na rangi nene, akidhani anautengeneza ufa. Miezi michache baadaye paneli hunywea, puti hupasuka, na mstari wa mbao tupu hutokea ukingoni. Hapo lawama huangukia rangi. Dawa yake si rangi ghali zaidi. Ni kupaka kingo za paneli kabla mlango haujaunganishwa, na kuuacha mfereji ufanye kazi yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukingo wa juu na ukingo wa chini wa mlango usisahauliwe. Huko ndiko midomo ya mirija ya mbao za pembeni iliko wazi, na huko ndiko unyevu huingia kwa urahisi zaidi. Hakuna anayeviona vikingo hivyo, na kwa hiyo havipakwi; kisha watu hushangaa kuona mlango umevimba na kukataa kufunga wakati wa masika.

Aina ya mti nayo ina maneno yake. Msindano, ambao mafundi wengi huuita paina na ambao hupandwa kwa wingi katika msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi, una vifundo vyenye utomvu. Utomvu huo huyeyuka katika viyeyushi vya rangi ya mafuta, hupanda juu, na kuacha doa la manjano hata juu ya tabaka tatu za rangi nyeupe. Kuongeza tabaka la nne ni kumwaga fedha. Kinachotakiwa ni kukifunika kifundo kwa shelaki, gundi inayotokana na wadudu wadogo wa Bara Hindi na kuyeyushwa katika spiriti. Shelaki haiyeyuki katika viyeyushi vya rangi ya mafuta, na kwa hiyo husimama kama ukuta kati ya utomvu na rangi. Mvule na mtiki, kwa upande wao, vina kemikali za asili zinazoweza kuchelewesha kukauka kwa rangi ya mafuta. Mbao hizo zipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti muda mfupi kabla ya kupakwa, na rangi ijaribiwe kwanza mahali padogo.

Hekima ya msasa

Jina lenyewe la msasa ni ushahidi kwamba sayansi ya kulainisha mbao haikuletwa na meli. Msasa ni mti wa jamii ya mikuyu ambao majani yake hukwaruza kama tupa, na wenyeji waliyatumia kusugulia mbao na vyombo kabla karatasi ya kiwandani haijafika. Karatasi ilipokuja, ilirithi jina la mti.

Karatasi ya msasa huwa na namba mgongoni. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zake zinavyokuwa ndogo. Mbao iliyotoka kwenye randa yaweza kuanziwa kwa namba 80, ikafuatiwa na 120, kisha 180. Na kati ya tabaka moja la rangi na jingine hutosha namba 240 au 320, kwa mkono mwepesi. Wenye pupa huruka kutoka 80 hadi 240. Matokeo yake ni kwamba chembe ndogo za karatasi ya pili hupita juu ya mikwaruzo mirefu ya karatasi ya kwanza bila kuifuta, na mikwaruzo hiyo huibuka tena chini ya rangi ya kung'aa. Kila karatasi ina kazi ya kufuta alama za ile iliyotangulia, na hakuna inayoweza kuzifuta alama za nyanya yake. Tena mkono ufuate mwelekeo wa nyuzi za mbao. Anayesugua kwa kukata nyuzi huchonga mistari ambayo rangi haitaifunika.

Kabla ya msasa huja sabuni. Mlango wa zamani una mafuta ya mikono kuzunguka kitasa, na rangi haishiki juu ya mafuta. Maji yenye soda ya kufulia huyaondoa. Kisha mlango usuuzwe na uachwe ukauke. Pale ambapo rangi ya maji itatumika juu ya mbao mpya, kuna hila moja zaidi: mbao ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, iachwe ikauke, halafu isuguliwe kidogo. Maji huzivimbisha nyuzi zilizolazwa na randa zikasimama kama nywele. Ni afadhali zisimame kabla ya rangi kuliko kusimama ndani yake.

Rangi hukauka kwa njia mbili

Neno "kukauka" limewadanganya wengi. Rangi ya maji hukauka kwa kupoteza: maji huondoka, na chembe ndogo za plastiki zilizoelea ndani yake husogeleana, hubanana na kuungana kuwa utando. Rangi ya mafuta nayo hupoteza kiyeyushi chake, lakini kazi hasa huanza baada ya hapo, kwa kupokea. Mafuta yaliyomo hula oksijeni ya hewa, na molekuli zake hufungamana kuwa wavu mgumu. Jambo hilo laweza kuthibitishwa katika maabara yoyote yenye mizani nyepesi: mafuta ya kitani yakipakwa kwa wembamba juu ya kioo na kupimwa kila siku, uzito wake huongezeka yanapokauka. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kitu kikikauka na kuwa kizito zaidi hatausahau uoksidishaji maisha yake yote.

Kutoka hapo hueleweka kwa nini rangi nene hujikunja. Oksijeni hutoka juu. Uso hufungamana kwanza na kutanuka, hali chini rangi bado ni laini. Ngozi iliyotanuka juu ya uji haina pa kwenda ila kujikunja. Hueleweka pia hatari moja ambayo haitajwi inavyostahili: uoksidishaji hutoa joto, na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pembeni yaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe ndani ya maji.

Baina ya kutandazika na kutiririka

Kila mpigo wa brashi huacha mifereji. Mvutano wa uso, ile nguvu inayofanya tone la maji kuwa duara, huivuta mifereji hiyo isawazike. Mnato wa rangi hupinga. Kwa kimiminika cha kawaida, hesabu ya jambo hili huonyesha mambo mawili ya ajabu. Umbali kati ya mfereji na mfereji ukipunguzwa kwa nusu, muda wa kusawazika hupungua mara 16. Hii ndiyo thamani ya brashi yenye nywele nyembamba zilizosongamana. Si anasa ya fundi, ni fizikia. Tena unene wa rangi ukiongezwa mara mbili, muda wa kusawazika hupungua mara 8.

Msomaji aweza kusema: basi rangi ipakwe nene. Lakini mlango uliosimama una hesabu ya pili. Unene ukiongezwa mara mbili, uso wa rangi huteremka kwa kasi mara 4, nayo ndiyo michirizi. Kumimina tina nyingi hakuponyi, kwa maana kunapunguza mnato na kuharakisha mambo yote mawili, mema na mabaya. Fundi yu kati ya maji mawili, naye hutafuta njia ya wastani kwa mkono wake. Hata hivyo ipo njia ya kujitoa katika mtego: mlango ung'olewe kwenye bawaba zake, uondolewe kitasa, ulazwe juu ya meza mbili. Ukilala, uzito wa rangi hauvuti tena kuelekea chini ya mlango, bali huisaidia rangi kutandazika. Kazi ya dakika kumi ya kufungua skrubu huondoa kasoro ambayo hakuna kopo linaloweza kuiondoa.

Mpango wa kupaka nao una sababu. Paneli na kingo zake hutangulia, hufuata mbao za katikati, kisha mbao za ulalo, na mwisho mbao ndefu za pembeni. Kwa njia hiyo kila kiungo hufikiwa rangi ya jirani ikiwa bado mbichi, na mpigo wa mwisho hufuata nyuzi za mbao. Jua kali na upepo vikwepwe, kwa kuwa huikausha rangi kabla haijapata muda wa kusawazika.

Vumbi lisilo na msamaha

Lipo jambo lililo zito kuliko uzuri. Milango ya majengo ya zamani yaweza kuwa na rangi zenye madini ya risasi, ambayo yalitumika kwa weupe, kwa manjano na kwa kuharakisha kukauka. Ubaya wake haukugunduliwa jana. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 tu kwa milioni. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa miili yao hunyonya risasi nyingi kuliko ya watu wazima, na madhara yake hufika kwenye ubongo unaokua.

Kwa hiyo desturi ya kuwakusanya wanafunzi wakati wa likizo, kuwapa msasa mkavu na kuwaambia wasugue milango ya zamani ya bweni, inastahili kukomeshwa. Rangi ya zamani isiyojulikana isisuguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe kwa moto. Kama imeshika vizuri, ioshwe na ifunikwe. Kama lazima isuguliwe, isuguliwe ikiwa imeloweshwa, kwa msasa usioharibiwa na maji, na mtu mzima aliyejikinga pua na mdomo. Na tope lake likusanywe, lisifagiliwe uani. Kemia ya shule yatoa hata dalili ya kutambulisha: misombo ya risasi ikikutana na salfaidi huwa nyeusi. Kipimo hicho si hukumu ya mwisho, lakini mwalimu anayekijua hawezi tena kusema kwamba mlango ni kazi ya mikono tu.

Je, fundi ahitaji maabara?

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mafundi wamepaka milango kwa ustadi miaka mingi bila kujua mvutano wa uso. Ni kweli, na ustadi huo wastahili heshima. Lakini fundi aliyejifunza kwa msindano huona kazi yake ikiharibika siku anapopewa mvule, na hajui amlaumu nani. Mkono hujua lililokwisha kutokea. Elimu husaidia kutambua lisilojatokea. Wengine watasema kwamba shule hazina fedha. Lakini maandalizi hugharimu zaidi muda kuliko fedha, na mlango uliopakwa mara moja kwa uangalifu ni nafuu kuliko uliopakwa mara tatu kwa haraka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja. Mara nyingi yaliyotokea ni kwamba kazi ilifanywa mchana na masomo asubuhi, bila kimoja kukijua kingine. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania limerudisha jambo hili mezani kwa kuweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Hatari ni ile ile ya zamani: kwamba wa amali watashika brashi bila kujua oksijeni, na wenzao watajua oksijeni bila kushika brashi. Wote wawili watakuwa wamepunjwa.

Hakuna haja ya kungoja vifaa vipya. Kila shule ina milango, na kila muhula una siku ya kukarabati. Vibao vitatu vya msindano vyatosha kuanza: kimoja kipakwe bila maandalizi, cha pili baada ya kusuguliwa, cha tatu baada ya kuoshwa, kusuguliwa kwa hatua na kufunikwa vifundo. Vyote vipakwe rangi ya kopo moja, kwa brashi moja, siku moja. Vitundikwe ukutani mwa maabara kwa mwaka mzima, na wanafunzi waandike wanachokiona kila mwezi. Kwa kuwa rangi itakuwa ile ile, tofauti itakayoonekana haitaweza kuhesabiwa kuwa ya kopo. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa useremala wavisimamie vibao hivyo pamoja, na mlango wa kwanza utakaofuata uwe ule wa maabara yenyewe.